Uchovu wa Magendo katika Nchi ya Durambi

Yaliyompata Mwalimu Nakijwa Mgonja katika nchi ya Durambi nayaeleza kama nilivyoyapokea. Sitaongeza chumvi, maana yana chumvi yake ya kutosha, na anayedhani nimetia yangu basi aende mwenyewe Durambi akajaribu kufanya kazi mbili.

Alifikaje huko, hiyo si hoja. Alikwenda kwa mkataba wa miaka miwili kufundisha hesabu, akapokewa vizuri, akapewa chumba chenye dirisha linalotazama uwanja wa shule, na siku ya pili akasomewa sheria. Wadurambi ni watu wa heshima. Ni wasafi, hawapayuki, na mgeni anaweza kusahau mkoba wake sokoni akaukuta kesho yake umefutwa vumbi. Kuna jambo moja tu wasilolifanyia mzaha, nalo ni uchovu.

Katika nchi ile uchovu una mwenyewe. Sheria yao ya kwanza inasema kwamba mtu akichoka, uchovu huo ni mali ya aliyemchosha. Uchovu wa mpagazi ni wa mwenye mzigo, uchovu wa karani ni wa ofisi, na wa mwalimu ni wa shule. Kwa hiyo kila mtu anatakiwa afike kazini mtupu kama debe lililosuuzwa, na aondoke jioni akiwa amejaa uchovu halali. Anayefika asubuhi ameshachoka ameingia na uchovu wa mtu mwingine. Huo wanauita uchovu wa magendo, na ukiwa umetoka nje ya nchi ndio mbaya kuliko wote.

Nakijwa alipoyasikia hayo alicheka moyoni. Kwao Usangi mtu akichoka humwachia Mungu na kitanda, wala hakuna anayekuja kudai chake. Ila kicheko kilimwisha alipowaona wapimaji.

Kwenye kila lango la kazi huketi mpimaji mmoja mwenye bakuli jeupe lililojaa maji mpaka ukingoni. Mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya chakula cha mchana, unapita mbele yake, unalishika bakuli kwa mikono miwili usawa wa kifua, na unaeleza kwa sauti umeamkaje. Mpimaji hakutazami wewe, anatazama maji. Akishayatazama anajua. Mpagazi huyatikisa kutoka mabegani, karani kutoka vidoleni, mwalimu kutoka kiwiko cha mkono wa chaki. Wapimaji wenyewe hawapimwi na mtu. Ndio peke yao wanaosinzia kazini katika nchi nzima, na husinzia vizuri sana.

Mpimaji wa shule ile aliitwa Harandu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini, na hakuna aliyewahi kumsikia amekasirika. Nakijwa angefurahi kama angemsikia akifoka hata mara moja, maana mtu anayefoka unajua amefika wapi.

Mambo ya uchovu hujadiliwa katika Baraza lao, na mijadala husomwa redioni wakati wa chakula. Wiki aliyofika, Baraza lilikuwa limemshitaki seremala mmoja aliyekuwa akiipenda kazi yake hadi anarudi nyumbani akipiga mluzi. Mwanasheria wa Serikali alidai kwamba mtu huyo anamwibia mwajiri wake uchovu wa siku nzima. Seremala akajitetea kuwa viti vyake vyote vimekamilika. Waheshimiwa wakamjibu kuwa hakuulizwa habari ya viti. Akaamriwa kubeba mawe saa moja kila jioni mpaka afikie kiwango. Kesi nyingine ilichukua siku tatu, nayo ilihusu karani aliyepiga miayo baada ya kumwona mwenzake akipiga. Je, huo uchovu alioupata ni wa nani? Mabishano yalikuwa makali, mzee mmoja akapoteza sauti, na mwishowe ikaamuliwa kwamba miayo ya kuambukizwa ni ya aliyepiga kwanza.

Nakijwa alikuwa akisikiliza hayo huku akila, kichwa kimeinama. Yeye alikuwa na kazi mbili.

Kabla ya kusafiri alikuwa akiandikia kampuni moja ndogo mjini Same, iliyoitwa Buriani, ya mama mmoja aitwaye Namsifu Kiondo. Kazi ya Buriani ilikuwa kuandika wasifu wa marehemu. Familia iliyofiwa huja na maneno yaliyotawanyika: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alipenda nini, aliugua lini, ameacha nani. Buriani inayakusanya yakawa kurasa mbili za kusomwa mbele ya jeneza. Katika kazi hiyo Nakijwa hakuwa na mpinzani. Aliweza kumliza hata yule aliyekuja msibani kufuata ubwabwa. Alipopata mkataba wa Durambi, Namsifu alimshika mkono akamwambia, "Mdogo wangu, nenda, lakini usiniache. Utaandika hukohuko, utanitumia kwa simu. Nani atajua?"

Na kwenye mkataba wa shule Nakijwa alitia saini kwamba hana kazi nyingine. Alijiambia kuwa kuwaandikia wafu si kazi, ni ubinadamu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Baada ya chakula cha mchana Wadurambi wana saa ya kunyamaza. Kila mtu hulala chali chumbani kwake ili uchovu wa asubuhi utulie usichanganyike na wa alasiri. Ni marufuku kutembea, kusoma, hata kukunja nguo. Saa hiyo, huko Same ndiyo kwanza watu wanakunywa chai ya asubuhi, na ndipo sauti zilipokuwa zikiingia kwenye simu ya Nakijwa. Alijifunika shuka gubigubi, akaiweka simu sikioni, akawasikiliza wajane na mayatima wakieleza na kukatishwa na kwikwi, kisha akaandika kwa vidole gumba, jasho likimtiririka. Kila hatua ya msimamizi aliyepita ukumbini ilimsimamisha moyo. Saa ikiisha aliamka, akanawa uso, akaenda kushika bakuli.

Miezi ya mwanzo aliokoka. Alijifunza kubana viwiko mbavuni na kupumua kidogokidogo. "Nimelala salama, nimeamka salama," alisema, na Harandu aliitikia kwa kichwa akampungia mkono apite.

Hofu ya kweli ilimwingia kwa sababu ya Togolani.

Togolani Mchome alikuwa mwalimu wa uchoraji katika shule hiyohiyo, naye alikuwa mtu wa Mamba, hukohuko Upare, nyumbani kabisa. Nakijwa alipoambiwa hivyo alikimbilia chumba cha walimu, akamwamkia kwa Kipare, uso umemchanua. Togolani alimtazama akatabasamu, kama mtu anavyomtabasamia mtoto wa jirani ambaye jina lake halijui. Kisha akamjibu kwa Kidurambi kwamba anamtakia siku njema.

Walimu wengine walimweleza baadaye, kwa kunong'ona. Togolani alikuwa akichorea ramani za nyumba kampuni moja ya kwao, kwa siri, wakati wa saa ya kunyamaza. Akashikwa. Akapelekwa Nyumba ya Mapumziko siku arobaini.

"Wanawapiga?" Nakijwa aliuliza.

"Astaghafiru! Durambi hatupigi mtu," alijibu mwalimu mmoja, akaonekana ameumia kwa kuulizwa. "Kule kuna magodoro laini na uji wa asali. Unalazwa, unaulizwa, kitu gani kinakuchosha? Ukikitaja, wanakwambia kwa upole, basi kiache hapa. Na unakiacha. Kesho yake wanakuuliza tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka usiwe na cha kutaja."

Jumapili moja walimu walikuwa wameketi pamoja, na simu ya Togolani ikalia mezani. Nakijwa aliliona jina kwenye kioo: Mama. Togolani aliigeuza simu kifudifudi taratibu. "Kuna mama fulani," aliwaambia wenzake, "anakosea namba kila Jumapili. Ana sauti ya upole, maskini. Nimechoka kumwambia." Alipotaja kuchoka wote walishtuka, naye akacheka akasema alikuwa anatania.

Nakijwa alitoka nje akajifungia msalani. Hakuwa ameogopa hivyo tangu utotoni. Kifungo angekivumilia, na kufukuzwa angekuita bahati. Alichoogopa ni kwamba siku moja sauti ya nyumbani ingemwita, naye akaigeuza kifudifudi.

Siku hiyohiyo alimtumia Namsifu ujumbe wa sauti: anaacha. Namsifu alijibu kwa sauti ya mtu anayepepeta mchele, bila haraka. "Nakijwa mdogo wangu, unaacha kwa sababu gani? Si umekaa tu huko kivulini unafundisha watoto kujumlisha? Kurasa mbili zinakuchosha nini? Haya, nimalizie hii familia ya Kisiwani tu, halafu pumzika." Nakijwa alilisikia neno hilo la mwisho, nywele zikamsisimka. Akaimalizia familia ya Kisiwani. Ikaja ya Hedaru. Ikaja ya mtoto wa miaka mitatu, na hiyo ilimlaza macho wazi.

Ndivyo alivyokuwa. Huko alikoajiriwa, uchovu wake wa nyumbani ulikuwa jinai, na nyumbani hakuna aliyeamini kwamba amechoka.

Asubuhi iliyofuata Harandu hakumpungia mkono. Aliyakodolea maji macho kwa muda mrefu.

"Mwalimu," alisema, "maji yako yana duara."

"Nimesahihisha madaftari mengi, bwana mpimaji."

"Madaftari hutoka kwenye kiwiko. Kiwiko husukuma maji upande mmoja. Hili duara linatoka katikati, kifuani." Alilichukua bakuli, akalitua polepole kana kwamba lina usingizi. "Mara ya mwisho nililiona kwa mke wa mfinyanzi alipofiwa na mumewe, naye alikuwa na hati ya msiba. Wewe umefiwa?"

"Sijafiwa."

"Vizuri. Ni mara ya tatu wiki hii hujafiwa."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Nakijwa alifundisha siku hiyo kama mtu aliyesimama juu ya barafu. Alikosea kugawanya mara mbili, na wanafunzi, ambao katika nchi ile wamefunzwa kutokumsahihisha mwalimu ili wasimchoshe zaidi ya kiwango, waliandika makosa yale kwa mwandiko mzuri.

Saa ya kunyamaza ilipoanza alikuwa ameazimia kuizima simu moja kwa moja. Akiwa anaizima ndipo ujumbe wa Namsifu ulipoingia, na safari hii sauti haikuwa ya kupepeta mchele.

"Mdogo wangu, nisikilize. Kuna mama amefariki huko Mamba, Mama Elieshi Mchome. Tunazika kesho saa nane. Watoto wake wanne, majina nimekutumia. Wa mwisho ni mwalimu hukohuko uliko, anaitwa Togolani, sijui unamfahamu? Miezi minane kila akipigiwa anasema mama amekosea namba. Mama amekufa akimtaja. Sasa kaka zake wamekasirika, wanasema niandike ameacha watoto watatu. Watatu, Nakijwa! Mimi nimesema nikuulize kwanza. Jina la mtu likishaachwa kwenye wasifu wa mama yake, mbele ya kaburi, watu wote wakiwa wanasikia, huyo mtu atarudi nyumbani kwa njia gani?"

Nakijwa aliusikiliza mara mbili. Alijua jibu. Kwao jina lisiposomwa siku ile, halisomwi tena. Hakuna kikao cha ukoo kitakacholirudisha. Na alijua pia kwamba Togolani hakuwa mtoto mkaidi; alikuwa mtu aliyeporwa. Lakini angewaambia nini wale kaka? Kwamba kuna nchi inayokula kumbukumbu kwa uji wa asali? Wangesema Nakijwa amerogwa. Alihitaji neno moja kutoka kwa Togolani mwenyewe, jambo ambalo mtoto tu ndiye angelijua, aliweke kwenye wasifu, kaka zake walisikie wanyamaze. Na ili alipate ilimpasa atembee katika saa ya kunyamaza, aende chumbani kwa mtu aliyepumzishwa, ambaye angeweza kumripoti kabla hajafika mlangoni.

Hofu ilimshauri vizuri sana. Ilimwambia yeye si ndugu wa akina Mchome. Ilimwambia wafu wameshakufa. Alikaa kitandani akiisikiliza, na ukweli ni kwamba karibu aikubali. Kisha akavua viatu akatoka.

Togolani alikuwa amelala chali, mikono kifuani, macho wazi. Hakushtuka.

"Kaka Togolani," Nakijwa alinong'ona, "nimekuja kukupa taarifa ya msiba. Mama amefariki."

"Mama yupi?"

"Mama yako. Yule anayepiga Jumapili."

Togolani alifikiri. "Basi hatapiga tena," alisema, na katika sauti yake mlikuwa na nafuu ndogo iliyomchoma Nakijwa kuliko matusi.

"Nieleze jambo lake moja. Lolote. Nahitaji kuliandika, wakalisome kesho."

"Dada, mimi simjui huyo mama. Rudi ukalale, usijitafutie taabu."

Alisubiri. Ukumbini kulikuwa na hatua za msimamizi, zikakaribia, zikapita. Togolani alikuwa amefumba macho. Nakijwa aligeuka kuondoka, mkono uko tayari kwenye kitasa, ndipo aliposikia nyuma yake sauti nyingine, nene zaidi, ikisema kwa Kipare.

"Sweta la kijani. Alikuwa akinivalisha nje ndani siku za shule. Upande mzuri tuliuweka kwa ajili ya Jumapili. Wenzangu wakinicheka. Naye akiniambia, wacheke tu, Jumapili utawaonyesha."

Nakijwa aligeuka. Togolani alikuwa ameketi, amepauka, anaitazama mikono yake.

"Nani amesema hayo?" aliuliza kwa Kidurambi.

Saa ya kunyamaza ilipokwisha, walimu walijipanga langoni. Togolani alikuwa mbele ya Nakijwa. Alilishika bakuli, akafungua kinywa kueleza ameamkaje, na kabla hajatamka neno maji yakaanza kuzunguka, duara ndani ya duara, yakavuka ukingo, yakamwagika juu ya viatu vyake.

Harandu akasimama. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwona Harandu amesimama, na wawili walipiga ukelele.

Sheria ya Durambi inataka shauri la namna hiyo liamuliwe palepale, kabla maji hayajakauka. Mkuu wa shule aliitwa, akaja akiifuta midomo kwa kitambaa. Kila mtu alijua kanuni. Aliyekwisha kupumzishwa akitikisa tena, hupumzishwa moja kwa moja, na hakuna aliyewahi kuuliza hao wa moja kwa moja wanawekwa wapi.

"Mwalimu Togolani," Harandu aliuliza kwa upole wake, "nani amekuchosha?"

"Sijui." Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuonekana kuyajua. "Kuna mtu amekufa. Sijui ni nani."

"Hajui," Harandu alimwambia mkuu. "Basi ni wake mwenyewe."

Walinzi wawili walimshika Togolani kwa viganja laini. Nakijwa alisimama hatua mbili nyuma yake, na nitasema wazi jinsi alivyokuwa, kwa sababu wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba alikuwa simba. Hakuwa simba. Ulimi ulimkauka. Alijisikia anataka kwenda haja. Alijua kwamba akinyamaza dakika tatu tu maji yatakauka, naye atarudi darasani kufundisha kugawanya. Aliyatazama maji sakafuni, ukingo wake ukirudi nyuma kwa joto, na sehemu kubwa ya nafsi yake ilikuwa inayaomba yafanye haraka.

"Miayo," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Baraza limeamua," alisema, "miayo ya kuambukizwa ni ya aliyepiga kwanza. Uchovu huo si wa Mwalimu Togolani. Ameambukizwa. Mwenye nao ni mimi."

Kisha Harandu alifanya jambo lililowaogofya kuliko kusimama kwake: akatabasamu. Alitabasamu kama fundi aliyeona kipande kilichopotea kikiingia mahali pake.

"Kwa hiyo mwalimu anakiri kuwa na duara?"

"Nakiri."

"La nje ya nchi?"

"La nyumbani."

"La muda gani?"

"Tangu siku niliyofika."

Mkuu wa shule alihuzunika kwa dhati. "Mwalimu Nakijwa," alisema, "tulikupa dirisha linalotazama uwanja."

Hukumu haikuwa ndefu. Togolani aliachiliwa, akafutwa viatu, akarudishwa darasani. Nakijwa alipewa siku arobaini. Na kwa kuwa Wadurambi ni watu wa heshima, alipewa pia saa moja ya kupanga vitu vyake, mlinzi akingoja nje ya mlango.

Hakupanga kitu. Aliandika wasifu wa Mama Elieshi Mchome, safari hii ameketi wima mezani, bila shuka. Aliandika habari ya sweta la kijani kama alivyoisikia, na chini yake akaandika: ameacha watoto wanne. Aliyataja majina yote, la Togolani likiwa la mwisho, kama anavyotajwa kitinda mimba. Akautuma.

Ilibaki robo saa. Aliitazama mikono yake, akafikiri ni nini watakachoanza kumuuliza, na kipi atakitaja kwanza, na hofu ikamjia yote kwa pamoja hata ikambidi ashike meza. Alikuwa amewaandikia watu zaidi ya mia tatu, na hakuna hata mmoja aliyepata nafasi ya kuusahihisha wasifu wake. Akachukua simu tena.

"Nakijwa Mgonja," aliandika, "alizaliwa Usangi wakati wa mvua kubwa, akabebwa kwenda kubatizwa ndani ya beseni kwa sababu njia ilikuwa imekatika. Ni mtoto wa pili wa Mzee Mgonja, fundi baiskeli, na Mama Nakiete, ambaye hajawahi kushindwa kwa maneno. Anaogopa kinyonga kuliko nyoka. Hajui kuimba na huimba. Aliwahi kuiba ndizi mbivu za shangazi yake akamsingizia mbuzi, na mbuzi akachapwa, na jambo hilo hajawahi kumwambia mtu. Aliwapenda watu wa kwao hata aliokutana nao wakiwa wameshakufa. Ameacha..." Hapo aliandika majina ya wote, akaongeza la Namsifu.

Akamtumia, pamoja na ujumbe: "Dada, huu usimsomee mtu. Siku arobaini zikipita nipigie, unisomee mimi mwenyewe, polepole. Nikikuuliza wewe ni nani, nakusihi usikate simu."

Mlinzi akabisha hodi.

Namsifu alihesabu siku. Ya arobaini na moja aliweka sufuria ya chai chini, akafunga mlango wa ofisi, akapiga. Huko Durambi ilikuwa saa ya kunyamaza, na Mwalimu Nakijwa alikuwa amelala chali, mikono kifuani, katika chumba chenye dirisha linalotazama uwanja. Alikuwa amenenepa kidogo. Simu ikalia muda mrefu. Aliipokea kwa kuwa, kwa jinsi ilivyolia, aliyepiga alionekana ana shida.

"Nakijwa," sauti ilisema. "Ni mimi, Namsifu."

"Habari yako, dada."

"Umenikumbuka?"

"Samahani, sijakufahamu. Lakini sema tu, nasikiliza."

Namsifu hakukata simu. Alisoma. Alisoma habari ya mvua na ya beseni, ya fundi baiskeli na ya Mama Nakiete, na alipofika kwa mbuzi aliyechapwa, upande wa pili mtu alicheka, kicheko kidogo cha Nakijwa hasa, kile cha puani. Namsifu akapata moyo, akaendelea kwa haraka zaidi, akayasoma majina yote, moja baada ya jingine, ya wazazi, ya ndugu, na la kwake mwenyewe. Alipomaliza akangoja, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili.

Upande wa pili Nakijwa alipumua taratibu.

"Pole sana, dada," alisema, kwa upole na kwa moyo mmoja. "Inaonekana alikuwa mtu wa watu. Mnazika lini?"